Walimu Nao Waletewe Wageni

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi zilinizidi. Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu, za simu mpya, na lile swali lisiloisha la lugha gani ya kompyuta mtu aanze nayo. Leo mnivumilie, nataka kutoka nje ya njia kidogo. Nataka kuongea juu ya walimu, hasa walimu wa mitaa yetu ya Eastlands hapa Nairobi, na juu ya jambo dogo ambalo baadhi yetu tulilifanya katika muhula wa pili wa mwaka 2025. Halikuhitaji pesa nyingi wala tarakilishi. Lilihitaji mtu mmoja anayeijua kazi yake vizuri, meza ya majilisi, na birika la chai.

Jambo lenyewe ni kuwaalika watu wa mtaa waliobobea katika kazi zao waje wazungumze na walimu. Nasema walimu, si wanafunzi.

Wanafunzi wana wageni tele. Yeyote aliyesomea Kenya anamjua yule mzungumzaji wa kutia moyo anayekuja kabla ya mtihani, suti imenyooshwa, anapiga kelele mpaka watoto wanasimama kwenye viti. Wageni wa aina hiyo na siku za maombi zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku siku za maombi na za kutembelea shule katika muhula wa tatu, kwa sababu ya wizi wa mitihani. Lakini hebu jiulize, nani huja kwa ajili ya mwalimu? Waraka huja. Afisa wa ubora huja na kitabu chake. Mzazi huja akiwa amekasirika. Mwanasiasa huja kupiga picha akikabidhi madawati. Mtu anayekuja kuketi na mwalimu kama mtu mzima mwenzake na kumwambia, "Kazi yangu naifanya hivi, wewe yako unaifanyaje?" ni nadra sana.

Wakuu wa shule wana bahati kidogo. Kila mwaka walimu wakuu wa shule za upili, kupitia chama chao cha KESSHA, hukutana Mombasa na kuwasikiliza mawaziri, maprofesa na wafanyabiashara. Wale wa msingi nao wana KEPSHA yao. Mwalimu wa kawaida wa Kayole au Dandora hubaki na darasa, na mkutano anauona kwenye WhatsApp.

Tuwe wakweli, si kwamba walimu hawafunzwi. Mwaka 1998 ulianza mradi wa SMASSE kwa msaada wa Japani, wa kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi, na kutokana nao tukapata kituo cha CEMASTEA kule Karen. Mtaala wa umilisi ulipoanza walimu waliitwa kwenye warsha wakati wa likizo. Mwaka 2021 Tume ya Walimu, TSC, ilizindua mpango wa kujiendeleza ambao mwalimu alitakiwa ajilipie ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu vikapiga kelele, kwa haki nadhani. Yote haya ni mafunzo. Mtu wa juu anamwambia mtu wa chini afanye nini. Mimi naongea juu ya kitu tofauti, kumsikiliza mtu ambaye si mkubwa wako, hakukagui, wala hakuandikii alama.

Sisi watu wa programu tumekizoea kitu hicho mpaka hatukioni tena. iHub ilipofunguliwa Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua, barabara ya Ngong, utamaduni ulikuwa huo huo: mtu anasimama, anaeleza jinsi mfumo wake ulivyoanguka saa nane za usiku na jinsi alivyouinua, wengine wanauliza maswali, halafu kuna kitu cha kutafuna. Hakuna anayekuja kama bosi. Nilipokuwa mwanafunzi Chiromo nilijifunza mengi kwenye vikao vya namna hiyo, mengine hayakuwa katika kitabu chochote. Sasa fikiria mwalimu wa Umoja. Kikao kiko upande wa pili wa jiji, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na jioni ana vitabu 60 vya kusahihisha. Hawezi kuja kwetu. Sisi ndio twende kwake.

Tena Eastlands haina upungufu wa watu. Mitaa hii ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Makongeni ya watu wa reli. Halafu miaka ya 1970 zikaja Buruburu, Umoja na Dandora. Tom Mboya alikuwa mbunge hapa Nairobi hadi alipouawa Julai 1969. Kalamashaka walitoka Dandora. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walikulia Muthurwa na kusoma Kamukunji High. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010, na Wanyama alipotua Southampton mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hao ni wenye majina. Wasio na majina ni wengi zaidi: wauguzi, wapima ardhi, mafundi wa lifti, madereva wa treni, wanasheria, wahasibu, wapishi wa hoteli kubwa. Wote walipitia mikononi mwa walimu wa mitaa hii, na wengi wao hawajakanyaga tena lango la shule tangu siku waliyochukua cheti.

Basi nieleze yaliyotokea.

Shule ni ya umma, ya msingi, yenye sekondari ya chini ndani yake kama ilivyo kote nchini tangu gredi ya 7 ianze Januari 2023. Sitaitaja jina. Ni shule niliyosomea mwenyewe. Niliingia darasa la kwanza mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo, na tulikuwa themanini na kitu darasani, watatu watatu kwenye dawati la watu wawili. Mwalimu aliyenifunza hesabu darasa la 7 na la 8 bado yupo. Ana miaka 58, kwa hiyo amebakiza miaka 2 astaafu. Mimi humwita Mwalimu tu, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Mgeni wa kwanza hakuletwa na sisi, aliletwa na uongozi wa shule. Alikuwa mfanyabiashara aliyekulia mtaa wa karibu. Alikuja na gari kubwa akaegesha pale watoto huchezea mpira, akaongea kwa saa 1 na dakika 20. Alieleza nyumba zake. Aliwaambia walimu wabadilishe mtazamo, kwamba umaskini uko akilini, kwamba yeye alitoka hapa hapa na angalia sasa. Walimu walisahihisha vitabu kuanzia dakika ya kumi hadi mwisho. Alipomaliza walipiga makofi ya heshima. Mwalimu akaniambia tukiwa tunatoka, "Mwanangu, nimeambiwa kwa miaka 34. Ningependa siku moja niulizwe."

Baada ya hapo walimu walisema wazi kwamba hawataki wageni tena. Mwalimu mkuu naye alikuwa amechoka. Ilibidi sisi watano, wote wanafunzi wa zamani wa shule ile, tuombe nafasi moja tu ya majaribio: Jumatano, saa tisa na nusu, wakati wa michezo, dakika 25 za mgeni na dakika 25 za walimu. Kama haitafaa, basi tusirudi. Tukakubaliwa kwa shingo upande.

Tukamleta fundi wa mabati wa Kamukunji.

Mnapajua Kamukunji, pale nyundo hazinyamazi. Huyu fundi amekata mabati kwa zaidi ya miaka 20 na anaishi mtaa ule ule wa shule. Alikuja na mkasi wa bati, rula ya chuma, kipande cha bati na kalamu ya alama. Hakuja na hotuba. Alianza hivi: bati bapa analonunua ni futi 8 kwa 4, yaani inchi 96 kwa 48. Mteja anataka sanduku la mwanafunzi wa bweni, urefu inchi 30, upana 18, kimo 12. "Walimu," akasema, "bati moja litanitolea masanduku mangapi?"

Mwalimu alisimama kabla ya mtu mwingine. 30 mara 18 ni 540. 30 mara 12 ni 360. 18 mara 12 ni 216. Jumla 1,116, mara mbili ni inchi mraba 2,232, ambazo ni futi mraba 15 na nusu. Bati zima ni futi mraba 32. Kwa hiyo masanduku ni 2, na inabaki futi mraba 1.

Fundi akasema, "Hiyo ni hesabu ya eneo. Nioneshe unakata wapi."

Hapo ndipo kalamu nyekundu zilipowekwa chini. Walimu watatu walisogeza viti. Mmoja akaenda kuleta karatasi ya miraba. Walibishana kama dakika kumi, halafu Mwalimu akaupata mpango. Unagawa bati sehemu tatu: mbili za upana wa inchi 30 na moja ya inchi 36. Katika kila moja ya zile mbili unapanga vipande viwili vya 30 kwa 18 na kimoja cha 30 kwa 12, kwa sababu 18 na 18 na 12 ni 48 kamili. Katika ile ya tatu unaweka viwili vya 30 kwa 12, na chini yake vinne vya 18 kwa 12, ambavyo vinakaa 36 kwa 24 bila nafasi hata nywele. Kinachobaki ni ukanda mmoja wa inchi 6 kwa 24. Jaribuni wenyewe kwenye karatasi, mtaona raha yake. Majilisi nzima ilipiga makofi, na safari hii hayakuwa ya heshima.

Fundi aliitazama karatasi kwa muda, akasema ni kazi safi sana. Halafu akachukua kile kipande cha bati na kusema, "Sasa kunja."

Kimya. Maana bati halishikani kwa gundi ya karatasi. Kila ukingo unahitaji pindo la kuingia katika pindo la mwenzake, na kifuniko lazima kiwe kikubwa kidogo kuliko sanduku ili kilivae. Mapindo yanakula bati pande zote, na ule ukanda wa 6 kwa 24 hauwezi kuyalipia, kwanza uko pembeni. Kwa vipimo vile, akasema, yeye hutoa sanduku 1 kwa bati, na kinachobaki anatengeneza vizoleo na trei za kuokea. Ama anamshawishi mteja apunguze vipimo kidogo ili yatoke 2. Na hapo ndipo faida yake ilipo. Anayejua apunguze wapi na kiasi gani anakula. Asiyejua anauza bati kwa bei ya bati.

Zile dakika 50 zilipita wakaendelea. Saa kumi na moja na robo bawabu alikuja kuuliza kama wamefunga. Mwalimu alimwuliza fundi swali ambalo kwangu lilikuwa zuri kuliko yote: kama kila ukingo una pindo la nusu inchi, sanduku kubwa zaidi linaloweza kutoka mara mbili katika bati moja ni la ukubwa gani? Fundi akajibu kwamba jibu lake liko mkononi, hajawahi kuliandika. Mwalimu akasema ataliandika. Juma lililofuata gredi ya 9 walikuwa wakilifanya swali hilo kwa makaratasi ya boksi.

Angalieni kilichotokea hapo. Hakuna aliyetiwa moyo kwa kuambiwa ajitie moyo. Mtu mwenye ujuzi aliweka kazi yake mezani, na mtu mwingine mwenye ujuzi akaitia mkono. Mwalimu amefundisha maumbo kwa miongo mitatu, na alitoka pale akitembea kama kijana.

Mgeni wa pili alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, msichana tuliyesoma naye. Alieleza jinsi wanavyokabidhiana zamu: nini lazima kisemwe kwa mdomo, nini lazima kiandikwe, na kwa nini mtu hakatizwi akiwa anasoma kipimo cha dawa. Walimu wa gredi za chini wakaona mara moja kwamba wao hukabidhiana madarasa Januari bila neno. Mtoto asiyeona ubaoni anagunduliwa upya kila mwaka na mwalimu mpya. Wakaamua kila mwalimu amwandikie mwenzake ukurasa mmoja kwa darasa. Hakuna waraka uliowaamrisha.

Wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya kazi, kwa maana nusu ya waliokuwa wameketi pale walinichapa au walinipa uji.

Nilijua shida waliyonayo. Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza, na kuanzia 2016 serikali ikasambaza vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma. Vya shule hii viko kabatini, betri nyingi zimekufa. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji katika shule za msingi na za upili. Na katika sekondari ya chini, kompyuta imefungwa ndani ya somo la ufundi wa awali, lile watoto wanaliita Pre-Tech. Mwalimu anaambiwa afundishe kitu ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa, kwa kifaa kisichowaka. Nikienda pale na kompyuta yangu ya mkononi inayong'aa nitakuwa sina tofauti na yule bwana wa gari kubwa.

Kwa hiyo nilienda na makaratasi ya mtihani 64, yamepangwa kwa nambari za wanafunzi. Nikamwomba mwalimu mmoja atafute karatasi ya mwanafunzi fulani kwa kufungua chache iwezekanavyo. Alianza juu, moja moja. Mwingine akafungua katikati, akaona nambari anayotafuta ni kubwa, akatupa nusu ya chini. Akafungua katikati ya iliyobaki. Kila mara anatupa nusu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Hatua sita na karatasi iko mkononi. Nikawauliza, kama ni majina 1,000 je? Wakahesabu: hatua 10 zinatosha. Na milioni 1? Hatua 20. Yule aliyeuliza alidhani nimekosea, akakaa akazidisha 2 mara 20 kwenye kona ya gazeti mpaka akaridhika. Nikawaambia hicho ndicho ninacholipwa kukifanya, na hakina umeme ndani yake. Umeme unafanya haraka tu. Lakini angalieni sharti: karatasi lazima ziwe zimepangwa. Zikiwa zimechanganyika, ujanja wote unakufa. Mwalimu wa Kiswahili akacheka akasema sasa ameelewa kwa nini karani wa shule hukasirika mtu akirudisha faili mahali pasipo pake.

Halafu likaja swali. Kuna mwalimu mmoja wa sekondari ya chini, msichana wa rika langu, yuko kwa ule mkataba wa mafunzo kazini. Wengi mnaujua, mwaka 2025 posho ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mei 2024 wenzake wa kundi la awali waligoma kwa ajili yake, na wapatao 46,000 wakaajiriwa kwa kudumu Januari 2025. Yeye aliingia na kundi lililofuata. Alisomea biolojia na kemia. Anafundisha sayansi, hesabu, Pre-Tech na michezo. Aliniuliza mbele ya wote, kwa upole, "Na wewe unalipwa ngapi?"

Mwalimu mkuu alitaka kulipitisha swali. Nikasema hapana, ni swali halali. Nikataja kiasi chenyewe. Hapa sitakiandika, ila ni zaidi ya mara 5 ya posho yake. Hakuna aliyezungumza. Nilisikia watoto wakicheza kati nje.

Akauliza tena, "Nikijifunza haya unayoyafanya, naweza kuondoka hapa?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye mzigo wa mambo haya yote, na wanaopenda kualika wageni hawapendi kupagusa. Ukimleta mtu aliyefanikiwa mbele ya mtu anayelipwa vibaya, umeleta pia mlango wa kutokea. Unaweza kuja kumtia mwalimu moyo wa kufundisha ukamtia moyo wa kuacha. Nilimjibu ukweli. Nikamwambia ndiyo, inawezekana, inachukua mwaka au miwili ya usiku mwingi, na kazi za kwanza ni chache na zina washindani wengi. Sikumwambia kwamba ualimu ni wito. Neno hilo limetumika mno kulipia mahali pa mshahara.

Aliyemjibu kwa kweli ni Mwalimu. Alisema, "Ukiondoka hatutakulaumu. Lakini usiondoke kabla hujawafundisha ile ya karatasi 64, maana mimi sitaiweza kama wewe." Watu wakacheka, naye akacheka. Sasa anafundisha. Usiku anasoma Python kwenye simu yake, na kila Jumapili hunitumia maswali. Huenda akaondoka. Akiondoka, shule itapoteza mwalimu mzuri, na kosa halitakuwa la mgeni aliyejibu swali kwa ukweli.

Wengine mtaniuliza kwa nini nisimtafute mtu mkubwa kama Peter Tabichi. Kwa hakika ndiye mfano bora tulio nao. Ni mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hesabu na fizikia wa Keriko, shule ya kutwa kule Njoro, na Machi 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani huko Dubai, dola milioni 1. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wenye shida. Lakini mimi kinachonivutia zaidi ni jambo dogo: shule ilikuwa na kompyuta 1 na mtandao dhaifu, kwa hiyo alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, anarudi nayo darasani kuyatumia bila mtandao. Hilo mwalimu wa Dandora anaweza kulifanya Jumatatu. Tuzo hawezi kuifanya Jumatatu. Mgeni wa walimu, awe mkubwa au mdogo, aulizwe yale ya saiba.

Kwa wanaotaka kujaribu katika mtaa wao, haya ndiyo tuliyoyaona yanafaa:

1. Mgeni awe wa karibu, mtu anayeweza kukutana na walimu tena sokoni Mutindwa au kwenye matatu ya 58. Mtu ambaye mtakutana tena hasemi uongo.

2. Alete kitu cha kushika. Bati, karatasi, kitabu cha zamu, chochote. Asilete hadithi ya maisha yake. Itatoka yenyewe akiulizwa.

3. Dakika 25, kisha walimu. Na ashindwe na swali angalau moja. Walimu humwamini mtu anayesema hajui.

4. Swali la pesa lijibiwe.

5. Mgeni asiahidi chochote. Walimu wa Eastlands wana maghala ya ahadi. Akitaka kuleta kitu, akilete kwanza ndipo akitaje.

6. Muhula wa tatu waacheni, una mitihani. Wa kwanza na wa pili unatosha, mara moja kila majuma matatu.

7. Chai mnunue nyinyi. Kwetu ilikuwa shilingi 900 na mandazi yake, tukichanga watu watano.

Yatabadilisha elimu ya Kenya haya? Hapana. Hayataongeza mshahara wa mtu wala kufufua betri za kabatini. Mambo hayo yana wenyewe, na wadaiwe. Lakini kuna njaa ambayo mshahara peke yake hauishibishi, njaa ya mtu mwenye akili kukutana na akili nyingine katika kazi. Sisi wa programu tumeshiba, hata tunalalamika vikao vimezidi. Walimu waliotufundisha kusoma maandishi haya wanakaa na njaa hiyo miaka 34, halafu tunawaagia kwa saa ya ukutani na blanketi.

Kwa hiyo kama ulisomea Jericho, Bahati, Makadara, Kariobangi, Komarock, popote pale, na leo kuna kitu unakijua vizuri, hata kama unadhani ni kidogo, mpigie simu mwalimu mkuu wa shule yako. Usiseme unataka kuzungumza na watoto. Mwambie unataka nusu saa na walimu, uwaoneshe unavyofanya kazi yako, nao wakuoneshe yao.

Nami naahidi makala ijayo itarudi kwenye programu. Na kama kuna aliyepata jibu la lile sanduku lenye mapindo ya nusu inchi, aniandikie. Mwalimu anasema lake analo tayari, lakini hataki kulitoa mpaka aone la mtu mwingine.